Ufunguo wa Sib kwa Ufunguo wa Gozo

Ijumaa, 28 Novemba

Leo mchana tulikula kwa mdogo wangu Khulood, Qurm, kule kwa wenye nacho wa Maskati. Baada ya wali tukakalishwa mbele ya televisheni yake kubwa kama mlango wa stoo, tukaonyeshwa picha za Mallorca, kisiwa cha Hispania alikokwenda kutembea, moja baada ya moja. Khulood na bwawa. Khulood na glasi ya juisi. Khulood na bahari nyuma yake, bahari ambayo wallahi haina tofauti na ya Sib, ila hii yetu ina samaki zaidi. Mie nikasema mashaallah, mashaallah, mpaka taya zikaniuma.

Kisha, mbele ya wakwe zake na watu wote, akanishika goti. "Maskini Dada yangu. Tangu ustaafu hujatoka hata kwenda Salala. Mwakani n'takulipia mimi kila kitu. Wewe uje na abaya yako tu."

Maskini! Mimi, niliyemsuka nywele huyu mpaka siku anaolewa. Mimi, niliyewatia sindano watoto wa skuli nzima mpaka wengine sasa ni madaktari. Nikasimame kwenye pwani ya watu kwa hisani ya mdogo wangu? Ulimi ukanitangulia. "Ahsante, lakini mie n'takwenda kisiwani mwenyewe, tena baridi hii hii, na sitochukua baisa ya mtu."

Mkwe wake mmoja akacheka. Khulood akauliza, "Kisiwa gani?"

"Utakijua nikirudi."

Sasa nimekaa kitandani kwangu Sib najiuliza swali lile lile. Kisiwa gani, Nasriya? Kwa pensheni ipi?

Jumatatu, 1 Desemba

Maha, binti wa Khulood, kaja na kompyuta yake kwa siri. Mamake hajui. Mtoto huyu sura kachukua ya mamake lakini ujanja ni wangu. Kanambia wako watu duniani wanabadilishana nyumba. Wewe unalala kwangu, mie nalala kwako, hakuna kodi.

"Yaani mtu nisiyemjua alale kitandani kwangu?"

"Na wewe ulale kitandani kwake, Khalti. Mko sawa."

Nikamwambia haiwezekani hata kidogo. Baada ya chai nikamwambia basi tupige picha za nyumba, lakini kwanza tufue mapazia.

Jumamosi, 6 Desemba

Hakuna aliyejibu. Mapazia angalau yametakata.

Alhamisi, 11 Desemba

Kajibu mtu! Anaitwa Doris, na mumewe Karmenu. Wastaafu kama mimi, watu wa Gozo, kisiwa kidogo cha Malta, katikati ya bahari ya Mediterania. Wanataka Januari, wiki tatu. Anasema Januari kwao nyumba za mawe zinatoa jasho kwa unyevu, na wao wanachotaka ni kulala juani kama paka. Mie nikasema jua tunalo, njooni mlichukue.

Sharti ni moja tu: upande mmoja ukiondoka kabla ya siku, na wa pili unarudisha ufunguo. Nimecheka. Nani kaingia nyumbani kwangu akataka kuondoka?

Tiketi pia imepatikana. Kijumbe chetu cha wanawake wa mtaani mwezi huu zamu yangu kupokea mchango. Ni tiketi rahisi, ya kushinda viwanja vya ndege nikingoja, lakini ni yangu.

Jumapili, 21 Desemba

Khulood kaja na koti. La sufu, rangi ya chai ya maziwa, bado lina karatasi ya dukani. "Kule Januari utakufa na baridi, Dada."

Nikalipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru. Magharibi nikampa Maha alirudishe, pamoja na treya ya vitumbua juu yake, maana kwetu kitu cha mtu hukirudishi hivi hivi.

Simu ikalia papo hapo. "Umenirejeshea koti na vitumbua? Mimi nimekuwa jirani yako?"

"Nna sweta zangu, Khulood."

"Una kiburi chako." Kakata simu.

Nna sweta mbili. Moja ina tundu la kwapani lakini halionekani.

Ijumaa, 2 Januari

Viza imetoka. Nimeibusu pasi kama mtoto.

Jumatatu, 5 Januari

Wageni wamefika leo, na mie naondoka kesho. Nilipanga makusudi. Maha alisema watu wa kubadilishana nyumba huachiana ufunguo chini ya chungu cha maua, hata hawaonani. Lo! Mgeni aingie nyumbani kwangu akute jiko limelala? Nimekwenda mwenyewe kuwapokea uwanjani.

Doris ni kipande cha mama, mnene, mwekundu wa mashavu, anacheka kabla hujamaliza neno. Karmenu mrefu, mkimya, kabeba fimbo zake za kuvulia samaki kutoka Gozo. Nimewapa pilau, samaki wa kupaka na mkate wa ufuta. Doris kauliza kwa Kiingereza duka la chakula liko wapi.

"Duka la nini? Nyinyi hamtopika."

Nimeshazunguka nyumba zote nane za mtaa wetu, na jirani yangu wa ukuta mmoja, Hadeel, ndiye mkubwa wa shughuli. Kila nyumba italeta. Hadeel kaniambia niondoke moyo mweupe, wageni wangu ni wageni wao.

"Nasriya, sisi tunakula kidogo sana," Doris kasema.

"Mtazoea. Jambo moja tu mlishike. Sahani ya mtu hairudi tupu. Akikuletea, unaiosha, unatia chochote ulichonacho, unamrejeshea. Ukiirudisha tupu ni kama umemwambia asikujie tena. Ni aibu, tena aibu kubwa."

Doris kayarudia maneno yote kama mtoto wa skuli, na Karmenu katikisa kichwa kukubali. Nimefurahi mpaka machozi yakanilenga. Nimepata watu wa maana, alhamdulillah.

Jumatano, 7 Januari. Gozo

Nimefika. Mie Nasriya, peke yangu, nimefika!

Nyumba ya Doris ni ya mawe ya manjano, dari refu, baridi inatoka sakafuni inakupanda miguuni. Nimevaa sweta zote mbili na soksi za Karmenu. Lakini nikifungua dirisha, bahari ile pale, ya buluu iliyokolea, na mashamba yamefunikwa maua ya manjano utadhani mtu kamwaga bizari. Watalii hakuna. Kisiwa kizima tumeachiwa sisi, mie na wenyewe.

Nimejipiga picha na bahari nikaituma kwenye kundi la familia. Sikuandika neno. Mkwe wa Khulood, yule aliyecheka, kauliza hiyo ni wapi. Khulood kaweka kidole gumba tu.

Alhamisi, 8 Januari

Mvua. Wenyewe wanaiita "shita". Jua ni "shemsh". Nimemuuliza mwanamke dukani mkate, kasema "khobz". Nikacheka peke yangu njiani. Nimevuka bahari zote hizi nije kukuta Kiarabu kimevaa koti.

Jumamosi, 10 Januari

Siku njema kupita zote. Nimetembea mpaka pwani ambako wamechonga vijishimo kwenye mwamba, maji ya bahari yanaingia, jua la kiangazi linayakausha, wanavuna chumvi. Sasa vimejaa maji ya mvua, na kila kimoja kina kipande chake cha mbingu. Nimevua viatu nikatia miguu baharini. Baridi yake imenipanda mpaka kwenye meno. Hakuna aliyenidai kitu kwa bahari ile wala kwa njia wala kwa maua. Nilijihisi malikia.

Niliporudi nikamkuta jirani mlangoni, bibi kizee mjane mwenye kitambaa kichwani kama sisi, jina lake Juza. Kiingereza hajui. Kashika bakuli la supu ya mboga, jibini nyeupe inaelea. "Kul," kanambia. Kula! Nikala. Kisha nikaliosha bakuli, nikalijaza halwa niliyoileta kutoka Maskati, nikampelekea. Kabla ya magharibi bakuli likarudi na machungwa. Nikatia tende.

Hadeel kanitumia sauti kutoka Sib. "Nasriya, wageni wako mashaallah! Kila sahani inarudi imejaa. Keki, biskuti, mikate ya zabibu. Mtaa mzima unawasema. Na sie hatukubali kushindwa, leo nyumba sita zimepeleka." Nimeisikiliza mara tatu, nikaipeleka kwenye kundi la familia ili Khulood naye asikie.

Jumatatu, 12 Januari

Bi Juza kaleta jibini. Halwa imekwisha. Nimeshinda jikoni napika vitumbua. Sikutoka.

Jumanne, 13 Januari

Bi Juza kaleta samaki. Nimeshinda jikoni. Nasikia jua lilikuwa zuri.

Jumatano, 14 Januari

Doris kapiga simu mchana. Nilidhani ananisalimu. Analia.

"Nasriya, tusamehe. Tunaondoka Jumamosi. Karmenu kashatafuta tiketi."

Nikakaa kwenye ngazi. Nikamuuliza kuna nini, nyumba ina kasoro, kuna mtu kawatukana?

"Hapana! Wana roho nzuri, ndiyo tatizo. Tangu tuje hatujaiona bahari. Asubuhi Karmenu anakwenda dukani kununua unga na mayai. Mie naoka. Saa sita zinakuja sahani, saa kumi zinakuja nyingine. Kila nikirudisha keki, inakuja biriani. Nikirudisha mkate, inakuja halwa. Jana Karmenu kalala kwenye kiti na unga mpaka kwenye nyusi. Umetwambia kurudisha tupu ni aibu kubwa, na hatutaki kukuaibisha. Tumeshindwa, Nasriya. Bora twende kwetu."

Kwanza nikapandwa na hasira, sisemi uongo. Mtu analalamika kwa kulishwa! Watu wangapi duniani wangependa kulalamika hivyo! Nikazunguka jikoni najisemesha kwa sauti, mkono mmoja simu, mkono mwengine mwiko. Mwiko ule ulikuwa na unga wa vitumbua vya Bi Juza.

Nikautizama. Siku ya tatu ile nimo jikoni, bahari iko dirishani.

Basi nikaona yote kwa pamoja. Wao wakiondoka Jumamosi, na mie nnaondoka Jumamosi. N'tarudi Maskati nusu ya safari, na Qurm watauliza kulikoni, na jibu ni kwamba Nasriya kawafukuza wageni wake kwa sahani. Nimpigie Hadeel nimwambie msilete tena? Mtaa utasikia kwamba chakula chao kimekataliwa, na aliyekikataa ni mimi niliyekwenda nyumba kwa nyumba kukiomba. Nimwambie Doris arudishe tupu? Mgeni wangu abebe aibu niliyomtwika mwenyewe?

Maha nimemwandikia. Kajibu kwa mstari mmoja: "Khalti, mpigie mama."

Simpigii.

Alhamisi, 15 Januari

Nimempigia.

Nimekwenda kwanza mpaka ukingoni mwa mwamba na upepo ukanipiga makofi vizuri. Kisha nikasimama nyuma ya ukuta wa mawe nikabonyeza jina lake.

"Dada?" Alishtuka. "Kuna nini, unaumwa?"

Nikamwambia kila kitu, mpaka vitumbua. Nikangoja acheke. Mie ningelikuwa yeye ningelicheka, tena ningelipiga na magoti.

"Sasa unataka nifanye nini?" kaniuliza pole pole.

"Sijui. Nakuomba tu. Fanya utakavyoona, lakini wale watu wasiondoke." Umri huu, nyuma ya ukuta wa watu, nalia kwa mdogo wangu.

"Haya," kasema. "Vaa vizuri, nasikia upepo."

Basi. Kakata simu.

Ijumaa, 16 Januari

Mvua. Simu kimya. Nimefungasha nusu ya sanduku.

Jumapili, 18 Januari

Sauti ya Maha niliipata jana, nimeshindwa kuiandika mpaka leo.

"Khalti, ungeliona! Mama kafika Sib asubuhi. Sahani za watu zimejaa meza nzima pale jikoni, Doris kachoka hata kusimama hawezi. Mama kavua pete zake kazitia mkobani, kaziosha zote kwa mkono wake. Doris akataka kutia biskuti, mama kamkamata mkono, kamwambia leo hapana. Dereva akataka kubeba, mama kasema wewe kaa garini. Kazibeba mwenyewe, Khalti, na abaya yake ile ya Ijumaa, nyumba kwa nyumba, zote tupu. Kila mlango anasema: 'Sahani hii nimeirudisha mimi Khulood. Mgeni hana kosa, na Dada yangu hana khabari. Nimewakataza kupika na kupokea, wapumzike. Mkikasirika, nikasirikieni mimi.' Mmoja kamwambia, ndivyo mlivyo nyinyi mnaokaa Qurm, mmesahau adabu. Mama kasema, ndiyo, nimesahau, nisamehe. Kisha kawapeleka wale wazee pwani ya Bustan, kawaweka mchangani, kawaacha walale."

Dada yangu hana khabari. Hivyo ndivyo alivyosema, milango yote minane. Mtu ana mpishi, ana dereva, anaogopa kuvunja kucha, kapita mtaani kwangu na aibu yangu mikononi ili jina langu libaki safi. Mie nilikuwa nikimwona mtu wa picha tu. Najivunia sana mdogo wangu, nasema wazi.

Doris kaleta picha, yeye na Karmenu wamelala pwani midomo wazi. Hawaondoki. Nami nimelifungua sanduku.

Jumatatu, 19 Januari

Bi Juza kaja na bakuli la supu. Nimekula, nimeliosha, nimempelekea tupu. Moyo unanidunda utadhani nimeiba. Kalitizama ndani, kanitizama mie, kacheka mpaka kashika ukuta. Kumbe siku zote anashangaa kwa nini mgeni huyu hatoki nyumbani. Kalitupa bakuli kitini, kanishika mkono, tukaenda baharini.

Alhamisi, 22 Januari

Shemsh! Tumechuma shamari mwituni. Bi Juza anaongea kwake, mie kwangu, tunaelewana nusu, na nusu ile inatutosha.

Jumapili, 25 Januari

Nimeogelea. Ndani ya Januari, na nguo zangu zote, mpaka shingoni. Wavuvi wawili wamenipigia makofi. Hii haimo kwenye picha za mtu yeyote wa Qurm.

Jumanne, 27 Januari. Sib

Nimerudi. Doris na Karmenu niliwakuta bado, wanaruka alfajiri. Wamekuwa wekundu kama pilipili hoho. Tumekumbatiana kama ndugu. Karmenu katoka kwenye ukimya wake kunionyesha picha ya nguru aliyemvua hapa hapa Sib.

Ijumaa, 30 Januari

Leo mtaa mzima umekuja kunipa pole ya safari. Kahawa, halwa, hadithi. Nimeeleza mwamba wa chumvi, nimeeleza kuogelea, wamepiga vifijo. Nilikuwa mbinguni. Khulood kaja pia na Maha, kakaa karibu na mlango anamimina kahawa.

Kisha Hadeel kakiweka kikombe chini. "Nasriya, wageni wako tuliwapenda. Ila kuna jambo limetuchoma, na mwenyewe yuko hapa. Mdogo wako alipita hapa kurudisha sahani za watu tupu. Tupu! Sie tunajua wewe hungelikubali. Wewe unazijua heshima za watu."

Wanawake wakaitikia: ndiyo, kweli. Wote wakamtizama Khulood. Nikangoja ajitetee. Akainama, akaendelea kumimina kahawa. Angelinyamaza mpaka wakaondoka. Angelinyamaza mpaka kufa.

Na mie, Mungu anajua, kwa muda wa kumeza mate nilitaka kumwacha anyamaze. Nimekaa pale, malikia wa Gozo, jina langu linang'ara.

"Nimemtuma mimi," nikasema.

Hadeel hakusikia vizuri. Nikasimama.

"Nimemtuma mimi. Wageni walikuwa wanataka kukimbia. Nimewafundisha sahani hairudi tupu, na nyinyi nikawaambia mlete, mkaleta, wakaoka, mkaleta, wakaoka. Safari yangu ilikuwa inavunjika. Nikampigia huyu, nikamlilia. Ndiyo, nimelia. Kaja kuibeba aibu yangu milango yote minane, nanyi mkamtukana akasema nisamehe. Mwenye kusahau adabu ni mimi. Huyu hapa ana adabu kuliko sote tuliokaa humu, na ni mdogo wangu, nimemlea mimi."

Kijiko kikaanguka mahali. Hadeel kanikodolea macho, kisha mdomo ukaanza kumcheza.

"Wallahi, Nasriya," kasema, "na sie tulikuwa tumeshachoka. Keki zile! Mume wangu akiona keki anatoka nje. Lakini nani angelianza?"

Chumba kizima kikaripuka. Mmoja kasema kwake keki mbili bado zimo kwenye friza. Mwengine kasema alipoona sahani tupu alisali rakaa mbili za shukrani. Yule aliyesema maneno ya Qurm kaenda kumbusu Khulood kichwani, na hapo ndipo mdogo wangu akaliweka birika chini.

Wamekwenda zao baada ya alasiri. Maha kawasha gari. Khulood kabaki mlangoni anatafuta viatu ambavyo viko mbele yake.

"Hukuwa na haja ya kusema, Dada."

"Najua."

"Ungelibaki na jina lako."

"Ninalo. Khulood, nisikilize. Mwakani nataka kurudi kule, nikuonyeshe kwa Bi Juza. Tukae nyumba ya Doris, hotelini sikanyagi. Utalala na soksi, utatembea kwa miguu, utakula utakachopewa."

"Na tiketi?" kauliza, bado kainama kwenye viatu.

"Zote mbili unalipa wewe."

Kainua uso. Nimemjua tangu siku anazaliwa, na sura ile sikuwahi kuiona. "Sema tena," kanambia.

"Sisemi tena. Umesikia."

Kaja kanikumbatia kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi, na Maha kule nje anapiga honi.